Kona Isiyowekwa Kitu

Kabla ya kuketi penye meza yoyote, iwe yake au ya watu, Gerishon Njau alipanguza kona ya kulia kwa kiganja cha mkono, kama mtu anayeondoa makombo, kisha hakuweka kitu pale tena. Si kikombe, si miwani, si gazeti. Alifanya hivyo matangani, akafanya hivyo harusini, na siku moja katika hoteli karibu na stendi ya Thika alimrudishia mhudumu sahani ya chapati aliyokuwa ameituliza pale.

"Hapo hapawekwi, kijana wangu. Sogeza huku."

"Kwani kuna mtu mwingine anakuja, mzee?"

"Huwezi kujua," Gerishon akajibu, akaanza kula.

Binti yake Ngendo alikua akidhani kwamba akina baba wote hufanya hivyo. Alipotambua kuwa ni wake peke yake, alikuwa ameshafika umri wa kuona haya, na tangu hapo kila walipoketi mbele ya wageni aliuvizia ule mkono wa babake, akiomba moyoni leo usahau. Haukuwahi kusahau.

Tabia hiyo Gerishon aliitoa kiwandani. Aliingia kiwanda cha nguo pale Thika akiwa kijana wa kubeba majora, akapanda pole pole hadi chumba cha kompyuta, enzi ambazo kompyuta moja ilijaza chumba kizima na hesabu zake zilihifadhiwa kwenye tepu za mviringo, pana kama sinia. Kazi yake ilikuwa kutoa tepu moja na kuingiza nyingine. Mtu akitoa tepu bila kuandaa mahali pa kuituliza, hujikuta amesimama mikono imejaa, mashine inamngoja, na tepu ya pili iko mbali. Mwenzake mmoja alifikwa na hayo, akaiweka sakafuni, penye vumbi la pamba. Hesabu za zamu nzima zikaharibika, na yeye akafukuzwa kabla ya saa ya chai. Kuanzia siku hiyo Gerishon aliacha kona.

Mitumba ilipofurika sokoni, kiwanda kikaanza kufa, na watu wa chumba cha kompyuta wakawa miongoni mwa wa kwanza kuambiwa waende nyumbani. Mkewe naye alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Gerishon alibaki na binti mmoja na kiondo ambacho marehemu alikisuka mwenyewe, kwa mkonge, chenye mistari ya kahawia na kijani. Hakukaa kitako kulia. Alikodi chumba kimoja cha mtaani Thika, akakifanya ofisi ya kupiga chapa barua na vijitabu vya mazishi. Ngendo alipomaliza diploma yake Nairobi, walikodi chumba kingine Ruiru, juu ya bucha, akafungua darasa la kompyuta. Yeye ndiye aliyekuwa mwalimu. Babake alikuwa wa kila kitu kingine.

Ngendo alikuwa amepewa jina la nyanyake, mamake Gerishon, kwa hivyo Gerishon hakumwita Ngendo kamwe. Alimwita maitu, mama yangu, kama desturi ya Wakikuyu inavyomruhusu mzazi kumwita mtoto aliyemrudisha mamake duniani. Aliita hivyo hata kwenye simu, hata mbele ya wanafunzi. "Maitu, umekula?" Darasa lilicheka kidogo, Ngendo akajifanya hakusikia.

Kompyuta za Ruiru zilikuwa nzee, zilizotupwa na ofisi za Nairobi. Programu za madukani hazikuzikubali. Zilitaka mashine kubwa kuliko hizo. Aliyewaokoa alikuwa Junaid, kijana wa chuo kikuu aliyekaa Kahawa Wendani, ambaye alikuja Thika kuchapisha kazi yake ya mwisho akamwonea Gerishon huruma. Alimletea rundo la flopi zenye Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta ambao watu wa nchi mbalimbali waliuandika na kuugawa bure, pamoja na ruhusa ya kuufungua na kutazama matumbo yake. Gerishon aliutazama matumbo kwa miezi. Na ndani humo alikuta kitu alichokifahamu.

"Njooni niwaonyeshe," aliwaambia wanafunzi siku aliyokuja Ruiru kurekebisha mashine. Aliketi, akapanguza kona ya meza. "Kumbukumbu ya kompyuta ni kama meza hii. Kila unachofanyia kazi lazima kiwe juu yake. Yetu ni ndogo. Ukifungua barua, na picha, na kitabu, meza inajaa. Mashine zingine zikijaa hivyo zinaganda, mpaka uzime. Hii haigandi. Inachukua kile ambacho hujakigusa muda mrefu, inakituliza kando, kwenye kipande cha diski tulichokitenga. Ukikitaka inakirudisha."

"Kwa hivyo ni kama jikoni kwangu," akasema Firdaus. Alikuwa fundi cherehani wa pale Ruiru, mama wa watoto wawili, mwanafunzi mkubwa kuliko mwalimu wake na mwepesi wa ulimi kuliko wote. "Sufuria moja iko motoni, zingine ziko chini ya kitanda."

"Haswa! Kwenda chini ya kitanda kunachelewesha kidogo. Lakini supu haimwagiki."

"Sasa huko chini ya kitanda kunaitwaje, mzee?"

"Wenye vitabu wanaita swap. Mimi naita kona."

Ngendo alikuwa amesimama mlangoni na chaki mkononi. Nairobi alifundishwa jambo hilo kwa nusu ukurasa, bila kitanda wala supu, na hakujua kama alichokisikia kifuani ni fahari au kero. Aliamua ni kero, kwa kuwa kero alikuwa ameizoea.

Mashine kubwa ya Ruiru Gerishon aliipa diski mbili. Ya kwanza ilibeba mfumo wenyewe. Ya pili ilikuwa kuukuu na ndogo, haina faili hata moja, na hiyo yote aliifanya kona. Kisha zikaja mvua za El Niño, stima ikawa inapotea na kurudi kama mgeni asiyejua kuaga, na kila ikikatika ghafla mashine iliamka asubuhi ikilalamika kwamba kona yake haieleweki. Gerishon akachoka kuitengeneza upya kwa mkono. Akaandika mstari mmoja katika maagizo ambayo mashine huyasoma inapoamka: kabla ya lolote, panguza diski iliyo kwenye waya wa pili, ifanye kona mpya, anza kuitumia.

"Sasa inafanya kama mimi," akasema, akacheka peke yake.

Printa nzuri ilikuwa moja tu, na ilikuwa Thika. Flopi zilikula vumbi na unyevu, hazikuaminika. Basi kazi za wanafunzi wote ziliwekwa kwenye diski ya tatu, na diski hiyo ikawa inasafiri. Ruiru wanafunzi waliijaza; Thika Gerishon aliichomeka kwenye mashine yake, akachapisha, akairudisha. Aliifunga kwa shali ya mtoto, ile ile iliyomfunga Ngendo, akaiweka ndani ya kiondo cha marehemu, akakining'iniza kiondo kwenye kiwiko. Mkonge unanesa, alieleza. Hauna chuma, hauna umeme, na diski haipendi kugongwa.

Lakini kwa Wakikuyu kiondo ni cha mama. Mwanamume mzima, mwenye mvi na koti la suti, anapita kati ya makanga wa matatu za Thika na kiondo mkononi!

"Niaje, cucu!" makanga walimpigia kelele, wakimwita bibi. "Leo umetuletea njahi ama ni viazi?"

"Ni mtoto," Gerishon alijibu bila kupunguza mwendo. "Amelala. Mkimwamsha mtamnyonyesha nyinyi."

Waliangua kicheko, wakampisha. Walimpenda. Ngendo hakuliona hilo. Alichoona, siku aliyokuwa amesimama pale na wasichana aliosoma nao Nairobi, ni kwamba mmoja wao alimgusa bega akasema, "Ona yule mzee jamani, amebeba kiondo ya bibi yake!" na yeye, Ngendo, akatazama upande mwingine mpaka babake akapita. Kama Gerishon alimwona, hakusema.

Mwanzoni mwa mwaka wa tisini na nane barua ilikuja kwamba mkaguzi atazuru darasa la Ruiru. Wanafunzi wangemwonyesha, kwenye skrini, kazi waliyoiandaa kwa muhula mzima. Ambaye kazi yake ingekubaliwa angepata cheti. Kwa wengi ilikuwa mtihani tu. Kwa Firdaus haikuwa hivyo. Mumewe, Tahir, alikuwa amepata kazi Isiolo na familia ingehama mwisho wa mwezi huo. Hakukuwa na muhula mwingine. Kazi yake ilikuwa kijitabu cha mishono, chenye vipimo na michoro aliyoichora mstari kwa mstari, na alikuwa na ahadi ya kufundisha ushonaji kwenye chuo kimoja huko endapo angefika na cheti chochote mkononi.

Siku mbili kabla ya ukaguzi diski ilikuwa Thika. Ngendo alienda kuichukua.

"Nitaileta mwenyewe, maitu," babake alisema. "Nije mapema niichomeke, nikae tu pale nyuma."

"Hapana, baba. Wewe pumzika."

"Sijachoka."

"Baba, mkaguzi anataka kuona walimu." Alikuwa akitazama kiondo kilichoning'inia nyuma ya mlango. "Ukikaa pale nyuma ataanza kuuliza maswali."

Gerishon akaifunga diski kwa shali, akanyosha mkono kuelekea kiondo.

"Hiyo sihitaji," Ngendo akasema, akaitia diski ndani ya mkoba wake wa ngozi.

"Basi ukifika fungua kifuniko, uiweke kwenye waya wa tatu. Ule wa nyuma."

"Najua, baba."

"Na nipigie simu, hata kama ni kitu kidogo. Niko hapa."

Alijua waya wa tatu uko wapi. Hakujua ni kwa nini wa tatu, na babake hakumwambia. Kwake lilikuwa jambo lililo wazi mno kusemwa.

Asubuhi ya ukaguzi mvua ilinyesha na Ngendo akachelewa. Alipofungua mashine, waya wa tatu ulikuwa umebanwa nyuma ya kisanduku cha stima, na skrubu ya kukitoa ilikuwa na kutu. Chini wenye bucha walikuwa wakigonga mifupa. Kwenye ngazi alisikia viatu vya kike na sauti ikiuliza kama hapa ndipo. Waya wa pili ulikuwa mbele yake, rahisi kama soketi ya pasi, umeshikilia ile diski kuukuu isiyo na faili hata moja. Chuoni alifundishwa kwamba diski ni diski. Akachomoa ile tupu, akachomeka ya wanafunzi mahali pake, akafunga kifuniko na kuwasha.

Mashine ikaamka, ikasoma maagizo yake, na kabla ya lolote ikapanguza diski iliyokuwa kwenye waya wa pili.

Mstari huo ulipita kwenye skrini na Ngendo akauona. Ulipita upesi, lakini aliuona. Mkaguzi, mwanamke mrefu aitwaye Bi Mbula, alikuwa tayari anasalimia wanafunzi.

"Tuanze na nani, mwalimu?"

"Na Firdaus," Ngendo akasema. Aliiagiza mashine ifungue diski ya wanafunzi. Mashine ikajibu kwamba diski hiyo inatumika kwa jambo lingine.

Kulikuwa na simu kwenye duka la kona, hatua chache kutoka ngazini. Angeweza kusema, samahani madam, nampigia babangu. Babake angeambiwa dalili moja tu angejua, na angesema, zima, usiguse chochote, nakuja. Halafu angekuja. Angepanda ngazi na kiondo kwenye kiwiko, apanguze kona ya meza ya mkaguzi, aseme, maitu, umekula?

"Ni stima," Ngendo akasema. "Inasumbua tangu jana. Dakika moja."

Akazima, akawasha. Mashine ikapanguza tena. Akafungua programu ya picha, ile nzito, akidhani labda michoro ya Firdaus itaonekana kwa njia hiyo. Meza ya mashine ikajaa, na mashine, kwa utiifu, ikaanza kutuliza vitu vyake konani. Taa nyekundu ya diski iliwaka bila kupepesa. Diski ilikuwa inafanya kazi, na hilo likampa matumaini. Akazima, akawasha, akafungua ile ya vitabu. Kila alichofungua kilikwenda kulala juu ya kazi ya mtu.

Wanafunzi waliacha kunong'ona. Bi Mbula alifungua kazi za karatasi za msichana mmoja, akazisoma mara mbili. Ngendo aliendelea, jasho likimshuka chini ya blauzi, asimtazame mtu. Hakumwona Firdaus akitoka. Firdaus ndiye aliyeshuka dukani, akaomba simu, akapiga Thika.

Gerishon alifika mvua ikiendelea. Kiondo kilikuwa kwenye kiwiko, na ndani yake bisibisi, tochi na chupa ya chai. Alisimama mlangoni, maji yakimchuruzika kwenye koti, akatazama ile taa nyekundu.

"Zima," akasema.

Ngendo akazima.

"Umeiwasha mara ngapi?"

"Mara moja," akasema Ngendo. Alimkwepa macho, na alilikwepa pia lile neno moja ambalo lingefuata, baba.

Bi Mbula aliinuka. "Na huyu ni nani kwako, mwalimu?"

Haikuwa swali baya. Alikuwa mwanamke anayetaka kujua aandike nini. Darasa zima lilijua jibu, hata mwenye bucha aliyekuwa amepanda kuona kuna nini. Ngendo alikitazama kiondo kinavyodondosha maji sakafuni.

"Ni fundi wetu," akasema. "Hutusaidia saidia."

Firdaus akainamisha kichwa. Gerishon alikuwa tayari amepiga magoti kando ya mashine na hakuinuka.

"Ndiyo, madam," akasema. "Mimi ni fundi."

Alifungua kifuniko, akamulika kwa tochi, akaona waya uliochomekwa. Aliponyanyua uso ulikuwa umezeeka.

"Madam, kosa hili ni langu. Niliiambia mashine ipanguze kona kila ikiamka, nikasahau kuifundisha iulize kwanza ni kona ya nani. Niliandika kama mtu ambaye atakuwepo siku zote." Alipangusa mikono kwenye suruali. "Lakini kupanguza kunafuta mwanzo wake tu, pale panapoonyesha kila kitu kiliwekwa wapi. Huu mfumo huwa unaweka nakala ya mwanzo huo mbele mbele. Kama imewashwa mara moja tu, tutapata karibu zote." Kisha akanyosha mkono nyuma bila kugeuka. "Mwalimu, nishikie tochi."

Mwalimu. Ngendo aliishika tochi. Hakuwahi kuitwa hivyo na babake, na ilimchukua muda kuelewa kwamba ndiye anayeambiwa.

Gerishon aliirudisha diski kuukuu mahali pake, akatoa ile skrubu yenye kutu, akaichomeka ya wanafunzi kwenye waya wa tatu. Akaiagiza mashine itafute ile nakala. Faili zikaanza kujitokeza, nyingi zikiwa zimepoteza majina na kupewa namba, na wanafunzi wakasogea mmoja mmoja kuzitambua kama watu wanaotafuta viatu vyao msikitini. "Hiyo ni yangu." "Hiyo pia, ya chini." Lakini kati ya hizo zilikuwemo zilizoliwa: barua iliyogeuka katikati ikawa takataka, ukurasa uliofuatiwa na vipande vya programu ya picha. Kijitabu cha Firdaus kilikuwa kikubwa kuliko vyote na kilitandaa kote, kwa hivyo ndicho kilichokanyagwa zaidi. Vilibaki vipimo vya kola na nusu ya mchoro wa mkono wa gauni.

Kuwashwa mara moja hakuwezi kufanya hivyo. Gerishon aliiona hiyo nusu ya mkono, akamtazama bintiye, naye Ngendo akajua kwamba anajua. Gerishon akageuka kwa mkaguzi.

"Zingine nimeziweza, madam. Ya huyu mama sikuiweza. Nilichelewa."

Bi Mbula aliwakubali wale ambao kazi zao zilirudi, akasema Firdaus anaweza kujaribu muhula ujao. Hakuna aliyemwambia kuhusu Isiolo. Ngendo angeweza kusimama wakati ule na kusema, hakuchelewa, mimi nilimchelewesha. Niliiwasha tena na tena kwa sababu sikutaka mumwone. Maneno yalikuwepo, tayari, yamepangana. Alisema, "Asante kwa kuja, madam."

Firdaus alikuwa wa mwisho kuondoka. Alifunga leso vizuri, akamshika Ngendo mkono.

"Vipimo viko kichwani, mwalimu, usijali," akasema. "Lakini yule ni baba yako." Akashuka ngazi. Ngendo hakumwona tena.

Gerishon aliufuta ule mstari wake siku hiyo hiyo. Tangu hapo kona ya mashine alikuwa akiipanguza kwa mkono, baada ya kusoma waya kwa tochi, na darasa liliendelea na likapata wanafunzi. Kiondo kiliendelea kusafiri. Makanga waliendelea kuuliza njahi. Kwa macho ya watu hakuna kilichobadilika, ila kwamba hata nyumbani, hata wakiwa wawili tu na uji wao, Gerishon alimwita bintiye mwalimu. Hakumwita kwa hasira. Angekuwa na hasira Ngendo angejua pa kushika. Alimwita kwa heshima, kama mtu aliyeonyeshwa mahali pake akakaa. "Mwalimu, chumvi iko hapo." "Lala salama, mwalimu."

Mara nyingi Ngendo alianza. Alisema, baba, ile siku, na Gerishon akainua uso akangoja, mwenye subira, akiwa tayari kusikiliza lolote. Naye Ngendo akamalizia kwa kuuliza kama wino wa printa umefika. Aibu ya kwanza, ile ya kiondo, ilikuwa ndogo na ya kitoto, na ingeweza kupona yenyewe. Hii ya pili alijitengenezea mwenyewe, na kila siku aliyonyamaza kiliwekwa kitu kingine juu yake.

Mwaka uliofuata, mvua za vuli zikianza, kifua kilimlaza Gerishon wodini Thika. Ngendo alimpelekea chakula kila jioni kwa kile kiondo, kwa kuwa ndicho kilichotosha chupa na bakuli, na kwa kuwa mkoba wa ngozi alikuwa amempa mtu. Alikining'iniza kwenye kiwiko. Makanga walimpisha njia bila utani. "Mzee anaendeleaje?" waliuliza. "Mwambie mtoto bado tunamngoja."

Jioni ile alipanga vitu kwenye kimeza cha kitanda: bakuli, kijiko, chungwa, miwani. Alipomaliza aliona kwamba kona ya kulia alikuwa ameiacha tupu, bila kukusudia. Babake naye aliiona. Alinyosha mkono, uliokuwa umekonda mpaka saa yake ya zamani ikateleza hadi kiwikoni, akapanguza pale, taratibu.

Ngendo alimlisha. Katikati ya vijiko alisema, "Baba. Ile siku nilikudanganya. Niliiwasha mara nyingi."

"Najua."

"Na yule mkaguzi aliponiuliza wewe ni nani."

Gerishon alitafuna, akameza. Alitazama dirishani, ambako mvua ilikuwa imeanza kugonga mabati ya wodi ya pili. Muuguzi akapita akisema muda umekwisha, wageni watoke. Ngendo alifuta kinywa cha babake. Alirudisha bakuli kiondoni, akavaa koti, na kwa kuwa mvua ilikuwa inazidi akakikumbatia kiondo kifuani, akalifungia koti juu yake.

Alikuwa amefika mlangoni alipoitwa.

"Usikifiche, maitu," babake akasema. "Kiondo hakiogopi mvua."